Kabla ya Kulipa Ada ya Kozi ya Kompyuta

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri. Mama mmoja muuza karanga wa Majengo, hapa Dodoma, alinisubiri nje ya ofisi ya kamati ya msikiti, mkononi ana tangazo la kozi ya wiki sita ya programu za ofisi. Tangazo liliahidi kumwandaa kijana kuwa mchambuzi wa takwimu za mauzo ya rejareja.

"Ustadhi," akasema, "binti yangu amemaliza kidato cha nne na anaitaka kozi hii. Ada yake ni akiba yangu ya msimu mzima. Nilipe?"

Sikumjibu papo hapo, kwani nami niliwahi kulipa ada ya namna hiyo. Nilipohitimu chuo cha Kiislamu nilisoma kozi fupi ya Excel, nikapewa cheti chenye muhuri. Baadaye mwenye duka mmoja alinikabidhi madaftari yake ya miezi mitatu na swali moja: bidhaa ipi inaniletea faida, na ipi inanilia mtaji? Nilijua kupaka rangi visanduku na kukoleza vichwa vya habari. Swali lake lilinishinda.

Basi nilikwenda kwenye kile chuo, nikaomba kuketi katika kipindi kimoja. Mwalimu alikuwa mpole na mjuzi wa fomula. Hata hivyo, takwimu alizofundishia zilikuwa safi mno. Katika maduka yetu sukari ileile huandikwa "sukari", "Sukari kg 1" na "skr", na kompyuta huzihesabu kama bidhaa tatu. Tarehe 3/4 kwa mtu mmoja ni Aprili, kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni Machi. Anayeandika "kilo 25" ndani ya kisanduku cha idadi hupata jumla yenye kasoro, kwa kuwa kompyuta huona maneno badala ya namba. Kusafisha makosa hayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na kozi haikuigusa.

Jambo la pili ni kalenda. Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2024 ilianza katika wiki ya pili ya Machi. Mwaka 2025 ilianza siku za mwanzo kabisa za mwezi huo. Anayelinganisha mauzo ya tende na tambi ya Machi na Machi bila kulizingatia hilo, atamshauri mwenye duka vibaya, naye ataagiza mzigo usiouzika.

Ndugu mzazi, usitishwe na wingi wa fomula. Uliza haya manne. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET? Je, kila mwanafunzi ana kompyuta yake kipindini, au watatu hutazama moja? Je, mtihani ni kuchagua majibu, au ni kupewa mauzo ya duka na kueleza kwa maneno mepesi yanavyosema? Na je, wanafundishwa amana? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda majina na namba za simu za wateja. Kwetu sisi siri ya mtu ni amana hata kabla ya sheria hiyo.

Kabla ya ada, mwache kijana ajaribu. LibreOffice Calc hupatikana bure na hufanya mengi yafanywayo na Excel.

Nilimshauri mama alipe nusu kwanza, na binti aende darasani na madaftari ya karanga ya mama yake. Mwalimu alikubali kwa moyo mkunjufu. Wiki ya tatu binti alipanga jedwali la waliokopa. Mama aliyedhani biashara yake inakufa aligundua kwamba mtaji wake uko mikononi mwa watu, na wengine alikuwa amekwisha kuwasahau. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni. Tumeisoma miaka mingi. Binti yule ameifanyia kazi.

Nusu ya pili ya ada, mama aliilipa kutokana na madeni yaliyorejeshwa.