Picha za Chakula cha Moyo na Hitilafu za Mapigo

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na haupumziki hata mwenyewe alalapo. Kazi hiyo yahitaji nishati isiyokatika. Msuli wa moyo wenye afya hupata sehemu kubwa ya nishati yake kwa kuunguza asidi za mafuta. Lakini mshipa unapoziba na oksijeni kupungua, msuli hugeukia glukosi, ambayo hutumia oksijeni kidogo zaidi kwa kila kipimo cha nishati.

Badiliko hilo ndilo lililowapa wataalamu njia ya kuupiga picha moyo unapokula. Mwaka 1976, glukosi iliyofungamanishwa na atomi ya fluorini-18 katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ilidungwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa binadamu huko Philadelphia, shabaha ikiwa ubongo. Zamu ya moyo ilifuata. Seli huipokea kama glukosi ya kawaida, ila hazimudu kuivunja hadi mwisho, nayo hunaswa humo. Fluorini hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuzaa miali miwili ya gama iendayo pande zilizo kinyume, na mashine imzungukayo mgonjwa huinasa. Kazi hiyo hutaka wepesi, kwani nusu ya fluorini-18 hutoweka kila baada ya dakika 110.

Palipo na damu haba na glukosi isiyoingia, pana kovu. Palipo na damu haba lakini glukosi yaingia, msuli ungali hai, ingawa umelala.

Yote haya yahusianaje na mapigo? Mwanafunzi wa bayolojia atakumbuka kwamba umeme wa moyo hutokana na ioni za sodiamu, potasiamu na kalsiamu zipitazo katika utando wa seli, na kwamba kuzirudisha mahali pake hugharimu nishati. Seli yenye njaa huchelewa. Wimbi la umeme likifika kwenye kovu huenda likazunguka na kurudi lilikotoka. Na mzunguko huo ukivurugika, ventrikali hutetemeka bila kusukuma damu, na mtu hufa katika dakika chache asipoauniwa.

Mtu angetazamia basi kwamba wingi wa msuli uliolala ungetabiri kifo hicho. Haukutabiri. Katika utafiti wa Buffalo, New York, uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 204 wenye mioyo dhaifu walifuatiliwa kwa takriban miaka 4, na 33 kati yao walisimama moyo ghafla. Kilichowatenga hao na wenzao kilikuwa picha ya namna nyingine, iliyopigwa kwa kaboni-11, ionyeshayo neva za moyo: kadiri sehemu iliyopoteza neva ilivyokuwa kubwa, ndivyo hatari ilivyozidi. Neva hizo hudhurika kwa uhaba wa damu mapema kuliko msuli wenyewe. Msuli ambao picha ya glukosi yauonyesha kuwa u hai, kumbe waweza kuwa umekwisha kukatikiwa na neva zake.