Barua Ifike kwa Mwenyewe

Wako wazazi katika kisiwa hiki cha Pemba ambao usiku wao hukatika kwa kilio cha mtoto anayeumwa na mifupa, macho yamekuwa manjano na damu ni haba. Hayo ni maradhi ya selimundu. Mtoto huyapata kwa kurithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Chembe zake nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka.

Tarehe 8 Desemba, 2023, Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Lyfgenia, ambayo hutengenezwa kwa kutumia virusi. Msomaji asishtuke, wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kirusi ni hodari wa kazi moja, nayo ni kupenya ndani ya chembe na kuziacha humo jeni zake. Wataalamu walichukua kirusi cha ukoo wa VVU, wakakinyang'anya uwezo wa kuzaliana na kuleta ugonjwa, kisha wakakipakia jeni nzima ya kutengeneza himoglobini.

Lakini kirusi hicho hakiwezi kuachiwa kujitafutia njia mwilini. Kwa hiyo mgonjwa hutolewa chembe zizaazo damu, zikapelekwa maabara kukutanishwa na virusi, naye hupewa dawa kali za kusafisha uboho wake kabla ya kurudishiwa chembe hizo. Kazi hiyo huhitaji wiki kadhaa za kulazwa, na tiba yenyewe ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 3.1. Tusidanganyane: kwa bei na masharti hayo, haitavuka bahari kuja Mkoani wala Wete.

Ndiyo maana tunaipa uzito kazi nyingine inayoendelea, ya kubadili ganda la kirusi. Ganda ndilo linaloshika chembe. Ni kama anwani juu ya bahasha. Wataalamu huiondoa sehemu inayoshika chembe ovyo, wakaweka mahali pake protini inayotambua alama iliyo juu ya chembe zizaazo damu. Wakifanikiwa, mgonjwa atapigwa sindano, na barua itamfikia mwenyewe humo humo mwilini. Oktoba 2019, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates zilitangaza kutenga dola milioni 100 kila upande kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazoweza kutumika Afrika. Safari bado ni ndefu. Barua ikiingia mlango usio wake yaweza kuzusha saratani, na kinga ya mwili yaweza kuichana ingali njiani.

Siku ya majaribio ikifika, Pemba si mgeni wa utafiti. Ni watoto wa kisiwa hiki walioufundisha ulimwengu kwamba kugawa vidonge vya madini ya chuma kwa kila mtoto, mahali penye malaria nyingi, kwaweza kudhuru. Utafiti huo ulisimamishwa mwaka 2003 baada ya kuonekana kuwa waliopewa vidonge walilazwa na kufariki zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Watoto waliobeba hatari hiyo walikuwa wetu. Basi mgeni njoo, mwenyeji apone: atakayekuja na sindano mpya hana budi kumweleza mzazi kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kukubali tangu mwanzo kwamba dawa ikifaulu itabaki hapa kwa bei tunayoimudu.

Hata hivyo, dawa ya kesho haimfai mtoto aliyezikwa leo. Katika Afrika, wengi wa watoto hawa hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, mara nyingi bila ugonjwa wao kujulikana. Kipimo cha damu anapozaliwa, penisilini ya kumkinga, chandarua na vidonge vya haidroksiyurea ni mambo yanayojulikana na yanayowezekana. Pale Wawi tunayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila mtoto anayezaliwa Pemba anapimwa, na kwamba vijana wetu wanasomeshwa elimu hii ya jeni. Barua itakapowasili, imkute mwenyewe yu hai.