Kompyuta Yenye Mifumo Miwili Inapokataa Kuwaka

Si ajabu katika shule ya sekondari kukuta kompyuta moja yenye mifumo endeshi miwili: Windows, kwa ajili ya hati na majedwali ya alama, na Linux, ambayo hutolewa bila ada na hufaa kwa masomo ya kompyuta. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10 bila malipo, sababu ya kuweka mfumo wa pili katika mashine zisizoweza kuchukua Windows 11 imezidi kuwa na nguvu. Mtumiaji huchagua mfumo autakao katika orodha inayotokea kwenye skrini mara tu mashine iwashwapo.

Chukua mfano wa mashine ya namna hiyo katika ofisi ya taaluma ya shule iliyoko Mtoni, wilayani Temeke. Usiku umeme umekatika. Asubuhi mwalimu anabonyeza swichi, na badala ya orodha aliyoizoea anaona skrini nyeusi yenye maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba hakuna mfumo wa kuanzishia kazi. Alama zote za maendeleo za kidato cha nne zimo ndani, na nakala nyingine hakuna. Fundi aliyeitwa anashauri diski ifomatiwe na Windows iwekwe upya.

Ushauri huo hutolewa upesi mno. Mashine haikusema kwamba alama zimepotea. Imesema tu kwamba haikuona pa kuanzia.

Kuwaka kwa kompyuta hufanana na mbio za kupokezana vijiti zinazokimbiwa katika michezo ya UMISSETA. Mkimbiaji wa kwanza ni programu ya msingi iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu, nayo huitwa BIOS katika mashine za zamani na UEFI katika zile za baadaye. Hiyo hukagua kumbukumbu na vifaa vinginevyo, kisha hutafuta katika diski programu ndogo iitwayo kipakizi. Katika mashine yenye Linux, kipakizi hicho aghalabu ni GRUB, nacho ndicho kinachoonyesha orodha ya mifumo. Mfumo uliochaguliwa hupokea kijiti mwishoni.

BIOS hutafuta kipakizi katika kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512 tu. Baiti 446 ni za maagizo ya kuanzia, 64 ni za jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. UEFI, kwa upande wake, hutafuta faili katika sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Njia hizi mbili hazijuani. Diski iliyoandaliwa kwa njia ya BIOS, ikiwekwa mbele ya mashine iliyoagizwa kufuata UEFI peke yake, haitaonekana kuwa na kipakizi, ijapokuwa kila faili imo salama.

Mahali kijiti kilipoangukia hujulikana kwa dalili. Mashine ikilia milio na isionyeshe kitu, kosa yamkini liko katika kumbukumbu au ubao wenyewe. Yakitokea maneno «grub rescue>», nusu ya kwanza ya kipakizi imepatikana lakini ya pili haikupatikana; mara nyingi ni kwa sababu mtu amefuta sehemu ya Linux ili kuipanua ya Windows, bila kujua kwamba nusu hiyo ilikuwa humo. Orodha ikitokea na mfumo mmoja tu ukagoma, mwingine usilaumiwe. Hata hivyo mmoja huweza kumdhuru mwenziwe: sasisho la Windows la Agosti 2024 liliizuia Linux kuwaka katika mashine kadhaa zenye mifumo miwili, kwa kuwa lilikataa vipakizi vilivyohesabiwa kuwa vya zamani na visivyo salama.

Katika mfano wa Mtoni, hatua ya kwanza ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya mashine kwa kubonyeza F2, F10 au Delete, kulingana na mtengenezaji. Jina la diski lisipokuwamo, ikaguliwe waya yake. Likiwamo, itazamwe saa. Hapa saa inaonyesha mwaka uliopita zamani, na hilo linaeleza mengi. Betri ya ubao mkuu imekwisha.

Betri hiyo, mviringo kama sarafu, kwa kawaida ni CR2032, na jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Hutoa volti 3, na kazi yake ni kuendesha saa wakati umeme haupo. Saa huhesabu mitikisiko 32,768 ya kipande cha fuwele kila sekunde; mwanafunzi akigawanya idadi hiyo kwa 2 mara 15 atapata 1. Katika mashine nyingi za zamani betri hiyohiyo hutunza mipangilio. Ikifa, umeme wa ukutani ukikatika, mashine husahau kwamba iliagizwa kufuata njia ya BIOS, na hurudia maagizo ya kiwandani.

Saa iliyokosea kwa saa 3 kamili ni jambo jingine kabisa, wala betri haina lawama. Windows huandika katika saa ya mashine wakati wa mahali, na Linux aghalabu huusoma kuwa ni wakati wa dunia, ambao Tanzania imeutangulia kwa saa 3. Saa nne asubuhi ikawa saa saba mchana.

Kabla ya kugusa chochote kingine, mashine iwashwe kwa flashi yenye Linux, na faili za alama zinakiliwe katika flashi ya pili. Kisha waya wa umeme uchomolewe, betri ibadilishwe, na chuma kinachoishika kisafishwe, kwani hewa ya chumvi ya pwani hukitia kutu. Njia ya kuwaka irudishwe kuwa ile ya awali, na orodha itatokea.

Tarehe nayo isahihishwe siku hiyohiyo. Jedwali litakalohifadhiwa kabla ya hapo litaandikwa tarehe ya kale, na atakayefuta faili kuukuu ili kupata nafasi ataanza na alama mpya.