Maua ya Masika: Tazama, Usionje

Masika yanapoelekea ukingoni mwezi Mei, nchi yetu ya Kilosa huwa imevaa nguo mpya. Ukifuata njia za miguu kando ya Mto Mkondoa, au ukipita vijijini pembezoni mwa tambarare ya Mkata, utaona maua ya njano, meupe na ya zambarau yaliyotambaa juu ya vichaka. Ni wakati mzuri wa kutembea. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari, mwendo huo ni sehemu ya matibabu, wala haugharimu kitu. Walio jirani na Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, wabaki upande wa vijiji. Tembo hajali kwamba umekuja kutazama maua.

Lakini leo nataka kusema hasa juu ya watoto. Katika parokia zetu wao ndio hutumwa kuchuma maua ya altare, na ua wanalolikimbilia ni lile lenye petali zilizokunjamana kuelekea juu, nyekundu na njano kama ndimi za moto. Wataalamu huliita Gloriosa superba. Hupanda vichakani kwa kujishika na ncha za majani yake. Chini ya udongo lina kiazi cheupe ndani, ambacho mtu mwenye njaa aweza kukidhani ni kiazi kikuu cha porini. Mmea wote una sumu, na kiazi hicho ndicho kibaya zaidi.

Sumu hiyo huitwa kolichisini. Ajabu ni kwamba hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana, ni dawa ya jongo, ambayo wengi huiita gauti. Aliyekula kiazi huanza baada ya saa chache kuungua koo, kutapika na kuharisha sana, hata nyumbani wakadhani ni kipindupindu. Baadaye aweza kupata nafuu kidogo, na hapo ndipo jamaa hudanganyika. Siku ya pili au ya tatu figo, moyo na damu vyaweza kuharibika. Hakuna dawa ya kawaida ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Kinachosaidia ni kufika hospitali mapema ili mgonjwa aongezewe maji na kuangaliwa kwa siku kadhaa, hata kama kuharisha kumekoma.

Mmea mwingine ni mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba, uotao majalalani na kwenye mashamba yaliyoachwa. Mtoto aliyetafuna mbegu zake hukauka kinywa, mboni za macho hutanuka, mwili huwa wa moto, naye huanza kuongea na watu wasioonekana. Mara ngapi mtoto wa namna hii amepelekwa kwanza kuombewa atolewe pepo! Sala ni njema, nanyi mwaweza kusali mkiwa njiani kwenda hospitali.

Ikitokea hivyo, mpanguse mtoto mabaki yaliyomo kinywani. Msimlazimishe kutapika, wala msingoje kuona kama maziwa yatamsaidia. Ng'oeni tawi la mmea alioula, pamoja na ua na kiazi chake, mwende navyo kwa mganga wa zahanati. Vitamsaidia kuliko maelezo marefu.

Na maua ya altare? Yachumwe na mtu mzima anayeyafahamu, kwa kukata bua kwa kisu bila kuchimba, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.