Cheti Kwanza, Safari Baadaye

Sisi wa Busunzu, wilayani Kibondo, ni watu wa milimani, lakini tukishuka Kigoma tunapanda boti katika Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470. Ndiyo maana habari ya nyambizi ndogo ya Titan ilinigusa.

Juni 18, 2023, chombo hicho cha kitalii cha kampuni ya OceanGate kilisagwa na mgandamizo wa maji kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic, takribani mita 3,800 chini ya bahari. Watu 5 walikufa. Hakikuwa kimethibitishwa na taasisi huru ya ukaguzi, nacho kilizamia nje ya maji ya nchi yoyote, mahali ambapo sheria ni dhaifu.

Kwetu sheria zipo, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) hukagua vyombo. Hata hivyo kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilizama karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria Septemba 20, 2018, kikaua zaidi ya watu 220. Sheria isiyosimamiwa haiokoi mtu.

Msafiri mwenzangu, uliza: chombo kimekaguliwa lini? Kinabeba wangapi? Jaketi okozi ziko wapi? Asiyekujibu, usimpe nauli.