Gabbar alikufa, au alikamatwa?

Muulize mtu wa makamo aliyekulia na picha za Kihindi, awe wa Kimbiji, Temeke au Tanga, Gabbar Singh, jambazi wa picha ya Sholay, aliishia wapi. Wengi watakujibu kwamba alikamatwa. Thakur, ofisa wa polisi wa zamani aliyekwishakatwa mikono, alikuwa anakaribia kummaliza kwa viatu vyenye misumari, polisi wakatokea, wakamkumbusha kiapo chake cha zamani, jambazi akabebwa mzima. Wachache watakubishia mpaka mate yakauke: alikufa, tena Thakur ndiye aliyemuua.

Wote wako sahihi. Mwongozaji Ramesh Sippy aliipiga Sholay na Gabbar akafa. Lakini picha ilipokuwa inaingia sinema Agosti 1975, India ilikuwa na karibu miezi miwili chini ya hali ya hatari aliyoitangaza Indira Gandhi, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona aliyekuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya, na huo ndio uliozunguka kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1990 toleo lisilokatwa likatoka Uingereza kwenye kanda za VHS, na kanda hazikuwahi kuulizwa pasi ya kusafiria. Ndipo ubishi ukaanza.

Juni 2025 huko Bologna, Italia, ilioneshwa Sholay iliyosafishwa upya, kazi ya Film Heritage Foundation ya Mumbai pamoja na familia ya Sippy, na mle Gabbar anakufa kama alivyokusudiwa tangu mwanzo. Miaka hamsini imepita. Nimefurahi, ila furaha yangu ina walakini. Toleo lililopendwa na mamilioni ni lile la polisi. Hilo nalo ni historia, hata kama lilizaliwa kwa shinikizo.

Wazungu wana kesi inayokwenda kinyume na hii. Star Wars ilitoka 1977. Miaka ishirini baadaye, 1997, George Lucas aliirudisha sinema ikiwa imeongezwa viumbe vya kompyuta, na palipokuwa na stelingi Han Solo akimlipua adui mezani bila kusubiri, sasa adui ndiye anayeanza kufyatua. Lucas akataka toleo jipya ndilo liwe rasmi. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1988 Lucas huyohuyo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kulaani wanaochezea filamu za zamani, wakati matajiri walipokuwa wanazitia rangi picha za weusi na weupe.

Mashabiki hawakukubali. Kijana mmoja wa Jamhuri ya Czech, Petr Harmáček, alikaa na kompyuta yake akaunga vipande kutoka vyanzo mbalimbali, akafuta kila kilichoongezwa, mpaka picha ikakaribia ile ya 1977. Kundi lingine likatafuta kopi za milimita 35, mapande yaleyale yaliyokuwa yakizungushwa kwenye mashine za sinema, likazipiga skani fremu moja baada ya nyingine. Kwa picha ya saa mbili hizo ni zaidi ya fremu 170,000, na kila moja ina mikwaruzo yake ya kufutwa. Rangi nayo ni mtihani. Kopi nyingi za miaka ile zilichapwa kwa Eastmancolor, ambayo kadiri miaka inavyokwenda hugeuka waridi tupu, wakati zile za Technicolor hushika rangi. Kundi hilo likapata ya Technicolor, na kazi yao ikatoka 2018 kwa jina la 4K77. Kisheria ni wezi, kwa sababu haki si yao. Lakini kwa miaka mingi aliyetaka kuiona picha kama ilivyoonekana 1977 katika hali nzuri hakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa tulete kesi nyumbani. Sisi tuliona toleo lipi?

Kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Zanzibar, kopi moja ya picha ya Kihindi ilihudumia zaidi ya ukumbi mmoja katika usiku mmoja. Rili ya kwanza ikimalizika huku, kijana anaipakia kwenye baiskeli na kukimbia nayo ukumbi wa pili, ambako watu wameshakaa wanasubiri. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza haya vizuri katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018. Kabla ya hapo kopi ilishapita kwa wakaguzi, tangu enzi ya mkoloni, na baadaye chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Baada ya hapo ilikwenda mikoani, ikakatika, ikaungwa kwa gundi, ikakatika tena. Watu wa Kinondoni walioegesha magari Drive-In, iliyofunguliwa 1966 pale ambapo leo ni ubalozi wa Marekani, na waliokaa ukumbini katikati ya mji, wangeweza kabisa kuona urefu tofauti wa picha ileile.

Na Kimbiji? Ipo pwani ya kusini ya Kigamboni, unaipita Mjimwema, unaipita Gezaulole, na kabla Kigamboni haijawa wilaya ilihesabiwa Temeke. Sinema ilikuwa mjini, ng'ambo ya kivuko, na aliyetaka kuiona alipaswa kufikiria pantoni ya kurudi. Kwa vijiji kama hiki picha za kukaa ukazitazama kila jioni zilikuja na deki, runinga na jenereta: kibanda cha video, ambacho watoto wa mjini walikibatiza kibanda umiza kwa ajili ya mabenchi yake. Na humo kibandani picha haikusema Kiingereza, Kichina wala Kihindi. Ilisema Kiswahili, kwa sauti ya mtu mmoja.

Mkubwa wa wenye sauti hizo alikuwa Lufufu, jina lake halisi Kapteni Derek Gaspar Mukandala, mwanajeshi aliyegeuka mtafsiri wa muvi. Alisema sauti za wote, stelingi, adui, bibi na mtoto, akaongeza maelezo, akaonya, akatania, akatupia habari za mtaani ambazo mwongozaji wa Hong Kong asingeziota. Mjerumani Matthias Krings, aliyewachunguza watafsiri hawa kwa miaka, aliita sanaa yao kugeuza wali kuwa pilau. Kenya wanaye DJ Afro, Kampala wanao ma-VJ wao. Wala kazi yenyewe haikuanza na VHS. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Kiingereza ulioweka makao Vugiri, Tanga, ulitengeneza filamu za mafunzo ambazo sauti yake ilitoka kwenye santuri, ili lugha ibadilishwe kulingana na watazamaji. Za mradi huo zimesalia chache mno.

Kwa hiyo anayetaka kurudisha muvi kama ilivyoonekana mara ya kwanza Kimbiji, hatafaidika sana na kopi safi kutoka Hollywood. Kopi safi ipo, ataiona hata kwenye simu. Kilichopotea ni ile sauti iliyolala juu yake, na kwa mtazamaji wa kibandani sauti hiyo ndiyo iliyokuwa muvi. Nasema hivi nikijua kuna wasomaji watakaoguna. Wapo wanaoona watafsiri waliharibu kazi za watu, na wenye hakimiliki hawakuwahi kuombwa ruhusa. Ni kweli hawakuombwa. Ila hoja hiyohiyo ingetufanya tuwachomee mashabiki wa Star Wars kazi yao, na leo ulimwengu unawashukuru.

Uganda wametuonesha mambo yanavyoweza kupinduka. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, picha ya mapigano iliyotengenezwa kwa fedha ya kubahatisha na bunduki za kuchomelea. Ilikuja kupendwa duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia mauaji na kumtania kila anayepita. Ile ya mwanzo, isiyo na VJ, haipo tena. Nabwana alikuwa na kompyuta ya kuungaunga isiyo na nafasi, akaifuta ili apige picha inayofuata. Hapo mtafsiri ndiye aliyeiokoa filamu, na mwenye filamu ndiye aliyeifuta. Simlaumu, aliyewahi kuchagua kati ya kufuta kazi ya jana na kukosa ya leo atamwelewa.

Bongo Movie yetu haijakaa mbali na hatari hiyo. Tangu enzi za Girlfriend ya marehemu George Tyson, 2003, kazi ziliuzwa kwenye kanda, kisha VCD, kisha DVD, nyingi zikikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili. Aliyenunua ya kwanza tu anajua uchungu wake. Mtu akiamua kuziunga leo ziwe picha moja nzima, atatafuta diski kwa watu binafsi.

Kanda za watafsiri zina ugumu wake wa kifundi, na ni vizuri mashabiki wa hapa waujue kabla hawajakata tamaa. Kanda zetu za mfumo wa PAL hukimbia fremu 25 kwa sekunde, sinema hukimbia 24. Ukichukua sauti ya Lufufu kwenye kanda ukaiweka juu ya picha safi ya leo, itatangulia kidogokidogo, na kwenye muvi ya saa mbili itakuwa imetangulia karibu dakika tano. Adui anakufa kwenye sauti wakati kwenye picha bado anavuta sigara. Dawa ni kuipunguza kasi kwa asilimia nne, halafu kupita sehemu kwa sehemu ukitafuta palipokatwa. Programu za bure za sauti zinafanya hivyo. Kinachotakiwa ni mtu mwenye muda na masikio.

Kinachotakiwa zaidi ni kanda yenyewe ikiwa hai. Pwani kama Kimbiji unyevu na chumvi ya bahari haviipendi sumaku. Ukikuta mkanda wa zamani una ukungu mweupe kwenye kingo, usiutie kwenye deki kujaribu. Ukungu utahamia kwenye vichwa vya deki na kuchafua kila kanda itakayofuata. Uweke pakavu ukiwa wima, usiurudishe nyuma kwa nguvu, na mpelekee fundi anayeweza kuufungua na kuusafisha. Na ukiupata salama, nakili sauti yote, hata zile dakika za mwanzo ambazo mtafsiri anajitambulisha na kutaja mahali alipo, ambazo kila anayekopi huzikata kwa haraka ya kufika kwenye mapigano.