Mkono wa Abdi Nageeye

Katika gazeti la mwaka huu nimechagua kuwaeleza habari za mwanariadha wa Uholanzi. Msishangae. Najua wengi wakisikia Uholanzi hufikiria kandanda, au wale watu wanaoteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chini. Sisi wa Iftin barafu tunaijua ya kutia kwenye maji ya kunywa tu! Lakini Mholanzi huyu anaitwa Abdi Nageeye, na kwa jina hilo mnajua tayari kwamba habari zake si za mbali.

Abdi alizaliwa Mogadishu mwaka wa 1989. Mwaka wa 1991 serikali ya Somalia iliangushwa, watu wakatawanyika. Wengi walivuka mpaka wakaja huku kwetu, ndipo kambi za Dadaab zikaanzishwa. Yeye alifika Uholanzi akiwa mtoto wa miaka sita. Baadaye alirudi Somalia, kisha akaenda Uholanzi tena, akalelewa na familia ya Kiholanzi katika mji mdogo wa Oldebroek. Huko ndiko alikoanza riadha.

Hebu kwanza tuelewe marathoni ni nini. Ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Mwaka wa 2024 muda bora wa Abdi ulikuwa saa 2, dakika 4 na sekunde 45. Nimepiga hesabu: ni kama kuzunguka uwanja wa mita 400 kwa sekunde 71, mara 105 na nusu, bila kupumzika. Mwenye shaka ajaribu raundi moja tu kipindi cha michezo, kisha atuambie!

Je, mtu wa Uholanzi hupata wapi pumzi kama hiyo? Nchi ile ni tambarare. Kilele chake kirefu zaidi kule Ulaya ni mita 322 tu. Ndiyo maana Abdi amefanya mazoezi miaka mingi hapahapa Kenya, huko Iten, mahali palipo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu kule hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwili ukikaa huko wiki kadhaa hujitengenezea chembe nyekundu za damu kwa wingi ili kuibeba oksijeni hiyo. Mkimbiaji akishuka chini kwenye mashindano, damu yake ina nguvu zaidi. Garissa yetu iko mita 150 hivi tu, kwa hivyo hatuna bahati hiyo. Lakini Mogadishu pia iko ufuoni, na Abdi Bile, Msomali aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka wa 1987, hakuzaliwa Iten.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Katika Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016 Abdi alikuwa wa 11. Hakukata tamaa. Mwaka wa 2019 aliweka rekodi ya Uholanzi mjini Rotterdam. Kisha ikaja Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021 kwa sababu ya korona. Marathoni ilihamishiwa mji wa Sapporo ili kukwepa joto, lakini wapi! Joto liliwafuata hukohuko, na wakimbiaji wengi waliacha mbio njiani. Eliud Kipchoge wetu alichomoka kilometa ya 30 hivi, akashinda dhahabu kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 38.

Nyuma yake watu watatu walikuwa wakigombania medali mbili: Abdi, Lawrence Cherono wa Kenya, na Bashir Abdi wa Ubelgiji. Huyu Bashir pia alizaliwa Mogadishu mwaka uleule wa 1989, na ni mwenzake Abdi wa mazoezi. Karibu na utepe Abdi alikuwa mbele, lakini badala ya kukaza macho mbele tu, aligeuka nyuma na kumpungia Bashir mkono: njoo, njoo! Akageuka tena, akapunga tena. Bashir akajikaza, akampita Cherono. Abdi alipata fedha kwa 2:09:58, Bashir shaba kwa 2:10:00, na Cherono akabaki mikono mitupu kwa 2:10:02. Sekunde mbili tu! Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone: Uholanzi haikuwa imepata medali ya marathoni ya wanaume katika Olimpiki tangu mwaka wa 1980.

Tulipozijadili mbio hizi chamani, kelele zilikuwa nyingi. Mmoja alisema, "Ati undugu! Cherono ni Mkenya na sisi ni Wakenya. Tulinyang'anywa shaba mchana kweupe!" Mwingine akajibu, "Wallahi, damu ni nzito kuliko maji. Bashir ni wetu."

Mimi naona hivi. Kwanza, sheria haikuvunjwa. Kinachokatazwa ni kuvutwa na mtu asiye mshindani. Kumpungia mwenzako mkono si kosa. Pili, mkono haukimbii. Waliompeleka Bashir ni miguu yake mwenyewe. Tena Abdi alijihatarisha, kwa maana anayegeuka nyuma hupoteza mwendo, na fedha yake ilikuwa bado haijafika mkononi. Tatu, huku kwetu tunaulizwa sana, barabarani na maofisini, "Wewe ni wa wapi hasa?" kana kwamba mtu lazima awe na jibu moja tu. Abdi alikimbilia Uholanzi, akamwita rafiki Msomali, kwa pumzi aliyoijenga Kenya. Hakuna aliyemdai achague. Basi mimi nilimpigia Kipchoge makofi, nikamhurumia Cherono, na nikawafurahia wale wawili. Makofi hayaishi.

Habari za Abdi hazikukoma hapo. Mwaka wa 2022 alikuwa mwanamume wa kwanza wa Uholanzi kushinda marathoni ya Rotterdam, na mwaka wa 2024 alishinda tena huko kwa ule muda wake bora wa wakati huo. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, katika Olimpiki ya Paris, mambo yalimwendea mrama: hakumaliza mbio. Bashir ndiye aliyepata fedha. Wengi wangerudi nyumbani kulala. Miezi mitatu baadaye, Novemba 2024, Abdi alishinda marathoni ya New York kwa 2:07:39, akamwacha Evans Chebet wa Kenya kwa sekunde 6.

Wanafunzi wenzangu, huku Garissa tumezoea kusema riadha ni ya watu wa bondeni. Joto letu ni kali, ni kweli, lakini alfajiri baada ya swala hewa ni baridi na barabara ni tupu. Ninaiomba shule yetu ianzishe mazoezi ya mbio ndefu saa hizo, wavulana na wasichana, na maji ya kunywa yawe karibu. Atakayetangulia akumbuke kugeuka amwite mwenzake.